Litein ni rahisi kuliko Mombasa? Tupige hesabu yote

Kila nikishuka Mombasa, swali la kwanza baada ya salamu ni lile lile: huko bara maisha ni rahisi? Anayeuliza huwa ana lake moyoni. Huyu amepandishiwa kodi Bamburi, yule kijana wake amemaliza chuo na anakaa nyumbani, mwingine amechoka kuamka saa nane usiku kukinga maji. Wanataka niseme ndiyo au la, wajue kama wafunge virago.

Mimi nina miaka minne hapa Litein, Kaunti ya Kericho. Nasimamia stoo ya duka la vifaa vya ujenzi, kazi niliyosomea diploma, na mke wangu na watoto watatu wako Kisauni. Nalipa kodi miji miwili na nanunua unga miji miwili. Kwa hivyo nitajibu, ila jibu lenyewe si la neno moja.

Kwa asiyepajua, Litein ni mji mdogo kwenye barabara inayotoka Kericho kwenda Sotik na Kisii, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kutoka Mombasa ni zaidi ya kilomita 700. Wenyeji ni Wakipsigis, watu wa ng'ombe, mahindi na chai, na kiwanda cha chai cha Litein kiko hapa hapa. Ukisimama mahali pa juu unaona kijani tupu, kama mtu amekata zulia akatandika juu ya vilima.

Nianze na maji, kwa sababu hapo ndipo tofauti ni kubwa, na watu wengi hawayaweki kwenye hesabu.

Kisiwa cha Mombasa hakina mto. Maji yetu hutoka mbali: chemchemi za Mzima kule Taita Taveta, kwa bomba la zaidi ya kilomita 200 lililojengwa miaka ya 1950, Baricho kando ya mto Sabaki, Kilifi, Marere na Tiwi upande wa Kwale. Yote hayo yakijumlishwa hayafiki nusu ya mahitaji ya mji, na bwawa la Mwache linalojengwa Kwale bado ni ahadi. Kwa hivyo mtu wa Kisauni hulipia maji mara tatu. Kwanza ni bili ya mfereji, hata kama mfereji unakohoa hewa. Pili ni mitungi ya mkokoteni. Tatu ni maji ya kisima, yenye chumvi, ya kuogea na kufulia, ambayo yanakula sufuria na kuchakaza nguo. Nyumbani kwangu tunatumia mitungi sita kwa siku. Kwa shilingi 20 mtungi, mwezi ni shilingi 3,600. Bomba la Mzima au la Baricho likipasuka, mtungi hufika 50 na mwenye mkokoteni huchagua amuuzie nani.

Litein mvua ni karibu milimita 2,000 kwa mwaka, maradufu ya Mombasa. Watu wana mabati, mfereji wa paa na tangi. Mwenye nyumba wangu ana tangi la lita 5,000 na sijawahi kumlipa zaidi ya shilingi 300 za maji kwa mwezi. Januari na Februari panakauka kidogo, tunachota chemchemini, lakini hata chemchemi iko karibu na maji yake ni matamu. Mama watoto alipokuja mara ya kwanza aliosha nguo zote nilizokuwa nazo, hata zilizokuwa safi, kwa vile tu povu lilikuwa linatoka.

Kodi ya nyumba ndiyo wengi wanayoitazama kwanza. Nyumba yetu ya vyumba viwili Kisauni ni 11,000. Chumba changu Litein ni 4,500, na nyumba ya kutosha familia nzima naipata kwa 9,000. Hata serikali inalijua hilo: marupurupu ya nyumba ya mwalimu au muuguzi ni ya juu kabisa Nairobi, Mombasa na miji mikubwa inafuata, kisha yanashuka hadi miji kama huu wetu. Lakini 11,000 ya Kisauni ni ya nini hasa? Si ya saruji na mabati. Saruji nauza mwenyewe, na ya Pwani ni nafuu kwa sababu viwanda viko huko huko, kuanzia Bamburi hadi Kaloleni.

Inagharimu kwa sababu ya ardhi. Mombasa tuna jambo ambalo watu wa bara wakielezwa hawaelewi: nyumba ni yako, ardhi iliyo chini yake si yako. Unajenga kwa ruhusa ya mwenye shamba, unamlipa kodi ya ardhi kila mwezi, na akitaka kuuza, anauza na wewe ukiwa juu. Mambo haya yana mizizi mirefu. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwataka watu wa ukanda wa pwani wapeleke madai yao. Waliojua ofisi na karatasi walipata hati, na wengi waliokuwa wakilima na kuishi tu hawakupata. Ukanda wa Sultani ulipoingia Kenya mwaka 1963, hati zile ziliheshimiwa zikabaki. Leo mwenye nyumba wa Majengo, Likoni au Kisauni ambaye hana hati haendi benki akakopeshwa kwa nyumba yake. Anajenga kwa pesa taslimu, chumba baada ya chumba, miaka kumi, na kila chumba kikiisha anakipangisha ili kimalizie kingine. Hiyo ndiyo kodi unayolipa. Unamjengea mtu ambaye benki imemfungia mlango, naye hajui kama mjukuu wake atakuta nyumba imesimama.

Litein ardhi ina hati, ila imegawanywa baba kwa wana hadi vipande vimekuwa vidogo. Mgeni kununua si rahisi. Kupanga ni rahisi.

Umeme bei yake ni moja nchi nzima, lakini matumizi si mamoja. Kisauni feni inazunguka kutoka Novemba hadi Aprili, na friji ni lazima ama samaki wa asubuhi hafiki jioni. Litein sina feni wala friji. Nina mablanketi matatu. Sisi tuliozaliwa pwani hatujui kwamba baridi nayo inakula pesa: soksi za watoto, sweta, viatu vya kufunika, maji ya kuoga ya kuchemsha, makaa. Gunia la makaa hapa linaisha kabla hujaligeuza. (Na tafadhali, wenzangu mnaopanda bara mara ya kwanza: jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa linaua, mtu analala asiamke. Litoe nje kabla ya kulala.)

Sasa chakula. Maziwa hapa yanatoka kwa ng'ombe kwenda kwenye sufuria. Kabeji, sukuma wiki, viazi na mahindi mabichi nanunua kwa bei ambayo Kongowea ingekuwa kichekesho, kwa sababu Kongowea unalipia lori, dizeli na madalali wa njiani. Samaki ni omena na tilapia kutoka upande wa ziwa. Changu na tasi nawaona nikirudi nyumbani. Nazi nimeiona mara moja, imekauka, bei yake sikuuliza mara ya pili. Nyama ipo na machinjio mengi nchini huwa na Muislamu wa kuchinja, lakini kuku wa jirani lazima niseme nichinje mwenyewe. Wameshazoea, sasa wananiita hata wakiwa na sherehe yao.

Mchele ndio unaonifanya nifikirie. Mchele wa pilau yetu Mombasa kwa sehemu kubwa ni wa Pakistani. Mnunuzi mkubwa wa chai ya Kenya ni nani? Pakistani. Majani mabichi yanayochumwa hapa asubuhi, kilo nne na kidogo hutoa kilo moja ya chai iliyokauka, inapakiwa, inateremka hadi maghala ya Mombasa, na inauzwa mnadani kwa dola. Mnada huo umekuwa Mombasa tangu 1969, ulipohamishwa kutoka Nairobi. Meli inapakua mchele Kilindini na chai inapakiwa Kilindini. Mkulima wa Litein na mlaji wa Kisauni hawajawahi kuonana, lakini wako kwenye mizani moja, mmoja akipanda mwingine anashuka.

Nieleze kwa hesabu. Januari 2024 dola moja ilifika karibu shilingi 160. Kufikia katikati ya mwaka huo huo ilishuka hadi karibu 130. Kwetu Mombasa tulisema Alhamdulillah: mchele, mafuta ya kupikia na ngano vyote hununuliwa kwa dola, na vikaacha kupanda kwa kasi ile. Lakini chukua kilo ya chai iliyouzwa dola mbili. Dola ikiwa 160, ni shilingi 320. Dola ikiwa 130, ni shilingi 260. Shilingi 60 zimepotea na mnunuzi hajapunguza hata senti. Ongeza na hili: Julai 2021 iliwekwa bei ya chini ya dola 2.43 kwa kilo kwa chai ya viwanda vya KTDA, nia ikiwa kumlinda mkulima. Chai nyingi, hasa ya upande huu wa magharibi mwa Bonde la Ufa, ikakosa mnunuzi ikalala maghalani Mombasa, na mwaka 2024 bei ile ikaondolewa. Chai iliyolala haipandi thamani. Wakulima wa Kericho na Bomet wamekuwa wakipata bonasi ya chini mno kuliko wenzao wa Mlima Kenya, na Oktoba 2025 walipandwa na hasira hadharani.

Kwa nini nawaeleza habari za chai watu wa Mombasa? Kwa sababu urahisi wa Litein unakaa juu ya bonasi. Mkulima hulipwa kidogo kila mwezi kwa kilo alizopeleka, kisha bonasi mara moja kwa mwaka. Mji mzima hukopa kwa ahadi ya Oktoba: karo, saruji, mbolea, hata deni la bucha. Dukani kwetu kuna miaka ambayo mabati yaliisha Oktoba tukaagiza mara mbili. Oktoba hii nimehesabu stoo na mabati yamejaa kama yalivyoingia Agosti. Bonasi ikikauka, maziwa yanabaki rahisi na kabeji inabaki rahisi, lakini hakuna anayekupa kazi. Urahisi wa namna hiyo si neema, ni ukosefu wa wanunuzi.

Hapo ndipo napenda kumjibu yule mwenye kijana aliyemaliza chuo. Ghali ya Mombasa kwa kiasi fulani ni bei ya kuwa karibu na kazi, hata kazi mbovu. Hamali, tuktuk, uwakala wa forodha, maghala, hoteli, kuchuuza maji baridi Likoni pale watu wanapovuka feri bila kulipa. Mnakumbuka 2019, serikali ilipoagiza makontena ya bara yapande treni ya SGR moja kwa moja? Vijana wa malori, wenye gereji na wauza chakula wa Changamwe walikosa riziki, watu wakaandamana kila Jumatatu. Katika miezi ile bei ya mchele haikubadilika sana, lakini maisha yalikuwa magumu kuliko nilivyowahi kuyaona. Septemba 2022 agizo likaondolewa, na pumzi kidogo ikarudi. Bei ile ile ya unga ni rahisi kwa mtu mwenye kibarua na ni ghali kwa asiye nacho.

Litein nayo ina hofu yake. Katika mashamba makubwa ya Kericho mashine za kuchuma chai zimechukua kazi za mikono mingi. Mei 2023 vijana walizichoma moto na mtu akauawa. Kijana wa Kisauni akija hapa kutafuta kibarua cha chai, atawakuta wenyeji waliozaliwa ndani ya chai wakiwa kwenye foleni mbele yake, na lugha yao haijui. Mimi nilikuja na barua ya kazi mkononi. Bila barua nisingekuja.

Kuna kitu kingine ambacho Mombasa ni rahisi kuliko Litein, nacho ni kipimo kidogo. Kisauni unanunua mafuta ya kupima ya shilingi 20, mbaazi ya 30 na mahamri mawili, na ukikosa kabisa, duka la pembeni linaandika kwenye daftari kwa sababu baba yako alisali na baba yake. Mtoto akishinda na njaa kwa kuwa mama yuko hospitali, majirani wanajua. Ukifiwa, mji mzima unabeba, kuanzia sanda hadi chakula cha hitima. Wakipsigis nao wanabebana hivyo hivyo, tena sana, wana michango yao na vikao vyao, na mimi wananiita. Ila daftari la dukani ni la mtu wa ukoo. Mgeni analipa taslimu. Miezi mitatu ya kwanza nilikuwa nalipa taslimu hata chumvi.

Na madrasa. Kisauni watoto wangu wanatoka shule saa tisa, saa kumi wako kwa maalim, kwa ada isiyofika 1,000 kwa wote watatu. Hapa Waislamu ni wachache. Ijumaa nikipata ruhusa napanda matatu hadi Kericho, kama kilomita 30. Mtoto wa miaka tisa huwezi kumpeleka Kericho kila jioni. Kuna wanaosema maalim wa simu anatosha. Kwa mtu mzima labda.

Basi, hesabu yetu ya nyumbani, kama tulivyoipiga mimi na mke wangu mwezi uliopita kwenye karatasi ya nyuma ya kalenda.

Leo tunalipa kodi mbili, jumla 15,500. Tukihamia wote Litein itakuwa 9,000, tumeokoa 6,500. Maji tunaokoa kama 3,100. Safari zangu za kushuka kila miezi miwili, nauli ya matatu hadi Nairobi, kisha treni, ambayo daraja la chini imekuwa 1,500 tangu Januari 2024 badala ya 1,000, pamoja na zawadi za lazima, ukigawanya kwa mwezi ni kama 3,000. Jumla 12,600. Mboga na maziwa vitapungua, lakini makaa, masweta na mchele vitapanda, hapo tumeacha sufuri. Kwenye karatasi hadi hapo Litein imeshinda.

Kisha upande wa pili. Mke wangu anauza viazi karai na mahamri asubuhi, mbele ya nyumba. Akitoa unga, mafuta na nazi anabaki na 600 kwa siku nzuri na mbaya zikichanganywa, siku 26 kwa mwezi. Hiyo ni 15,600, zaidi ya vyote tunavyookoa. Na mtaji wake si karai. Karai unaipandisha basi. Mtaji wake ni wale wateja arobaini wanaopita saa kumi na mbili kwenda Nyali na mjini, wanaojua mkono wake, na chama chake cha akina mama kinachompa mkopo bila riba wala hati. Hicho hakipandi basi.

Mimi kurudi Mombasa? Nimeulizia. Stoo za Mombasa zinanipa theluthi mbili ya mshahara wa hapa, kwa sababu wenye diploma kama yangu wako wengi na wengine wana digrii. Makato ya afya ya asilimia 2.75 na ya nyumba ya asilimia 1.5 yananifuata popote, hayo tusiyaweke.

Kwa hivyo kwa yule anayeniuliza ndiyo au la, kwanza nimuulize: nyumbani kwenu nani anaingiza pesa, na pesa hiyo inatokana na nini? Ikiwa ni mshahara wa kuajiriwa unaoweza kuhamishwa, mwalimu, muuguzi, mtu wa benki, hana biashara mjini na watoto ni wadogo, aje, maji peke yake yatamnenepesha. Ikiwa riziki yake ni watu, mchuuzi, fundi cherehani, dalali, mpishi wa harusi, Litein itampa maziwa na kumnyima wateja. Ikiwa hana kazi kabisa, asije kwa kusikia kabeji ni shilingi ngapi.

Sisi tumebakisha jambo moja la kuamua. Binti yetu mkubwa ni wa kundi la kwanza la mtaala mpya linaloingia gredi ya 10 Januari 2026, na shule ya kutwa ingetupunguzia gharama nyingi kuliko ya bweni. Swali ni kutwa ya wapi. Likizo hii wote wanapanda Litein hadi shule zifunguliwe, na mke wangu anakuja na karai. Jirani yangu amemkubalia meza karibu na stendi ya matatu ya Sotik. Viazi vya hapa ni vizuri na ni rahisi, nazi ya mahamri atakuja nayo imekunwa na kukaushwa. Anasema atauza siku kumi, aandike kila siku kwenye daftari amebaki na ngapi, halafu tutakaa tena na ile kalenda.